Oili na filta za giaboksi otomatiki kwenye tipa: lita 21 zilizotoka mahali pa lita 18

Wakuu, naandika hii mikono bado inanuka oili kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Ni mapitio ya huduma ya kubadilisha oili na filta za giaboksi ya otomatiki kwenye gari kubwa. Nimeifanya mara mbili ndani ya mwaka mmoja, gereji mbili tofauti, na ile ya kwanza sikubadilisha kitu zaidi ya kuhamisha matatizo kutoka kwenye dumu kwenda kwenye gari. Majina ya gereji sitayataja, ya kwanza sitaki kesi, ya pili fundi mwenyewe kaniambia foleni aliyonayo inamtosha.

Tipa langu ni la tairi 10, giaboksi Allison 3000 yenye gia sita za mbele, ile ya vitufe, unabonyeza D unasahau kama kuna kitu kinaitwa klachi. Nililinunua limeshapita mikononi mwa watu, kitabu cha sevisi hakuna, na aliyeniuzia aliniapia kwamba giaboksi "haijawahi kuguswa", kama vile ni sifa. Sasa ndo naelewa kwamba ile haikua sifa, yalikua maungamo.

Dalili zilianza kidogokidogo. Asubuhi likiwa la baridi linabadili gia laini huwezi hata kusikia, ila likishapiga trip mbili tatu na mzigo, likitoka ya kwanza kwenda ya pili linashtua kama kuna mtu kakugonga kwa nyuma. Kwenye mlima ukitoa mguu halafu ukakanyaga tena injini inapiga kelele kwanza, gari linawaza, halafu ndo linaondoka. Na kulikua na kale kaalama ka spana kwenye kioo kidogo cha gia, ukiweka D asubuhi kanawaka na kuzima kama dakika mbili hivi halafu kanapotea. Mi nikawa nasema kakipotea si ndo kamepona. Kumbe ndivyo kalivyo: spana ikiwakawaka vile baada ya kuweka D inakuambia habari ya filta, na ikipotea haijapona, imekuacha ufanye kazi mpaka kesho ukiwasha tena ikukumbushe.

Basi nikaenda gereji ya kwanza. Kubwa, ina shimo lake, ina vijana wengi wa ovaroli safi, yaani ukifika unaona hapa nimefika. Nikawaambia nataka kumwaga oili ya giaboksi na kubadilisha filta. Fundi mkuu akanijibu kwa upole kabisa, "Bosi, hii giaboksi filta zake ziko ndani, hatufungui mpaka siku ya ovahol." Yaani mpaka siku giaboksi inashushwa na kufunguliwa yote. Nikakubali. Mi nilijuaje? Wakafungua plagi ya chini, oili ikatoka, hakuna aliyepima ilikua kiasi gani, wakaleta dumu limeandikwa ATF, yaani oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki, nyekundu nzuri inang'aa, wakaanza kumimina. Injini ikawashwa, oili bado ya baridi kabisa, fundi akachomoa dipstiki akaangalia, akaongeza, akachomoa tena, akaongeza mpaka ikafika ule mstari wa juu wa kupimia oili ikiwa ya moto, na akapiga na kidogo cha juu "ili isipungue njiani". Nusu saa nyingi, nimeshaondoka. Kwa haraka ningewapa nyota tano.

Siku mbili tatu gari likawa zuri kidogo, au labda ni mimi nilikua nataka liwe zuri. Halafu ubaya ukarudi na ndugu zake. Ile kushtua ikaongezeka, joto la giaboksi likawa linapanda hata bila mlima, na nikiangalia chini naona oili imechuruzika pembeni ya giaboksi na vumbi limeganda juu yake kama saruji. Nikadhani sili imekufa. Haikua sili, oili ilikua inatokea kwenye briza, kile kijitundu cha kupumulia kilichoko juu.

Hapa niseme kitu ambacho nilikijua nimechelewa. Oili ya giaboksi otomatiki hailainishi tu kama ile ya giaboksi ya mkono. Ndani ya konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi, yenyewe ndo inabeba nguvu ya injini, kwenye pleti za klachi za ndani yenyewe ndo inasukuma zikabane, halafu hiyohiyo inapoza. Sasa ukijaza kupita kiasi, vyuma vinavyozunguka vinaanza kuipiga kama mtu anavyokoroga mayai, hewa inaingia, inakua povu. Na povu halibani pleti. Pleti zisipobana sawasawa zinateleza, zikiteleza zinachemka, zikichemka oili inaungua, na oili inavyozidi joto inatanuka zaidi inatafuta pa kutokea. Ikipungua sana nayo mambo ni yaleyale tu, pampu inavuta hewa, povu lilelile. Kwa hiyo "kuongeza kidogo ili isipungue" ni wema unaoua giaboksi.

Kilichonifungua macho ni dereva mmoja tuliyekutana tukisubiri kupakia. Akapanda kwangu, akaniambia mzee umewahi kumuuliza huyu ana oili kiasi gani? Nikamwambia dipstiki iko kule. Akacheka. Akabonyeza mshale wa juu na wa chini kwa pamoja kwenye vile vitufe vya gia, kioo kikaanza kuhesabu kurudi nyuma, nane, saba, sita, kama dakika mbili hivi, halafu kikaandika herufi mojamoja: o, L, halafu H, I, na namba. Yaani oili imezidi. Ukiona oK uko sawa, ukiona LO imepungua, na ile namba inayofuata ni kiasi kwa kipimo cha kwati, ambayo inakaribia lita moja lakini haifiki. Hii inafanya kazi kama giaboksi yako ina sensa ya kiwango cha oili, na lazima gari liwe sehemu tambarare, injini inawaka sailensa bila kukanyaga mafuta, umeweka N, breki ya kuegesha imefungwa, na oili imepata moto, kati ya digrii 60 na 104 za selsiasi. Ukikosea chochote nayo inakuambia kwa namba: ikileta 70 oili bado ya baridi, 79 ina moto mno, 65 hujaweka N, 89 gari linatembea, 95 sensa yenyewe ina shida. Miaka yote hiyo nilikua naendesha na kitu kinachoongea nami sikijui lugha yake.

Ukibonyeza tena vile vishale kwa pamoja kinakuja kingine, uhai wa oili kwa asilimia. Changu kilikua kimeandika juu ya 70. Nikafurahi. Usifurahi kama mimi. Ile asilimia kompyuta haiipimi kwenye oili, inapiga hesabu kutokana na kazi uliyofanya, na inapiga hesabu ikidhani umeweka oili ya sintetiki iliyoidhinishwa na filta za kiwango chake. Ukiweka ATF ya kawaida inaendelea kuhesabu kama kawaida, kwa hiyo oili imeshakufa kioo kinakuambia una asilimia 70. Kinadanganywa halafu na chenyewe kinakudanganya.

Gereji ya pili sasa. Ukifika unaweza ukageuza. Hakuna bango la maana, sakafu ya saruji imepasuka, magari matatu tu, na fundi mkuu ni dada mmoja wa makamo hivi, mfupi, anaongea taratibu mpaka unamsogelea. Nilichopenda kwanza, hakugusa spana kabla hajauliza. Akaniuliza oili iliyopo sasa hivi ni gani, nikasema nyekundu. Akasema, "Mzee, zote nyekundu. Ni rangi ya kutia tu, hata ukivuja uone. Nauliza imeandikwa nini kwenye dumu." Sikujua. Akauliza kama gari lina pitio (PTO, ile inayochukua nguvu kwenye giaboksi kuendesha vifaa vingine) na kama lina ritada, ile breki saidizi ya kwenye giaboksi. Halafu akalala chini na rula. Nikabaki nashangaa rula ya nini. Kumbe sampu za hii giaboksi, yaani bakuli la oili la chini, kuna ya inchi 2 na ya inchi 4 kwenda chini, na filta za moja haziingii kwenye nyingine, za sampu ndefu ni ndefu na za fupi ni fupi, na kiasi cha oili nacho kinabadilika. Watu wanaagiza kwa kusema "filta za Allison" halafu zikija wanaanza kulaumu duka. Langu ni la inchi 4. Giaboksi kavu kabisa inameza lita 27, ila ukimwaga na kubadilisha filta unarudishia 18 tu. Ishike hiyo tofauti, nitairudia.

Akaniambia nikazunguke nalo kwanza nusu saa lipate moto. Oili ya baridi inatoka nusu na inaacha uchafu umelala chini, ya moto inatoka yote inayoweza kutoka na inabeba uchafu wake. Nilivyorudi akavaa glavu ndefu maana ile kitu inaunguza vibaya, msiende nayo mikono mitupu, akaweka chini dumu la plastiki lenye mistari ya lita, akafungua plagi.

Harufu, jamani. Kama mkanda wa feni ulioungua. Rangi ilikua imeshaacha kuwa nyekundu, ni kahawia inayoelekea nyeusi, na hiyo ni oili ya miezi, sio ya miaka. Tukaiacha ichuruzike mpaka ikawa tone moja moja. Halafu ndo akaenda kwenye zile filta za "ndani".

Filta ni mbili. Ziko chini ya giaboksi, unalala tu unaziona, vifuniko viwili vya mviringo vimekaa jirani, kila kimoja boliti sita. Kushusha giaboksi hakuhitajiki, hata sampu haishuki. Moja ni ya mfumo mkuu, nyingine ni ya oili ya kulainisha. Nilikaa pale chini nimezikodolea macho nikimkumbuka yule fundi wa ovaroli safi.

Kabla hajafungua alisugua eneo lote kwa brashi na akalifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na akamfukuza kijana wake aliyeleta matambara ya fulana za zamani. Nyuzi moja ikiingia kwenye vali za giaboksi hii ni kazi, vijitundu vyake ni vidogo kuliko unavyofikiria. Vifuniko vilivyotoka, gasketi zilikua zimegandana na chuma kama zimechomelewa, ikabidi azikwangue kwa kipande cha plastiki kigumu. Nikampa bisibisi, akairudisha bila kuniangalia, bodi ni aluminiamu, ukikwaruza pale oili itavuja milele. Filta zenyewe karatasi zake zilikua zimelala upande mmoja, nyeusi, zimesinyaa. Hizi hazijawahi kubadilishwa tangu gari linatoka kiwandani au karibu na hapo, hilo hata mimi niliona.

Dumu likasoma lita 21. Akaniangalia, akaangalia dumu, akachukua chaki akaandika ukutani 21, chini yake akaandika 18, akapiga mstari. Hakusema kitu. Lita tatu zilikua zinaogelea mle bila kazi, ukiacha zilizotokea kwenye briza.

Kilichofuata ndo kimenifanya niandike hii yote, maana gereji nyingi hawafanyi. Alichukua sumaku ya spika ya zamani, akaifunga kwenye mfuko mwembamba, akaizungusha ndani ya dumu taratibu. Ikatoka na utelezi wa kijivu, laini kama grisi, ukisugua kati ya vidole husikii kitu. Akasema huo ni uchakavu wa kawaida. Halafu akachana filta moja kwa kisu akazikunjua karatasi zake kwenye meza kama gazeti, akazipitisha chini ya tochi mkunjo kwa mkunjo. Unga mweusi mwingi, huo ni wa pleti, zilikua zinateleza kama nilivyosema. Vimeremeta vichache sana. Anachokiogopa yeye ni vipande vya chuma unavyoviona kwa macho na vinavyochoma kidole, ukiviona hivyo usipoteze oili mpya, tafuta kwanza kinachovunjika. Na kingine ni oili iliyogeuka rangi ya waridi yenye ukungu kama imechanganywa na maziwa, hapo maji ya rejeta yamepenya kwenye oili kupitia kipoozeo, na yale maji yenye kulanti yanakula gundi ya pleti. Ukikuta hiyo, kumwaga na kuweka mpya peke yake haisaidii. Mimi sikua na hayo mawili, nikapumua.

Kidogo nitoke nje ya mada. Rafiki yangu ana pikapu kubwa ya Silverado ya dizeli yenye Allison 1000, hiyo ni dogo lao, filta yake ya nje inafungwa kwa kuzungusha kama filta ya oili ya injini. Kazi ya dakika chache. Ila juu ya ile filta kuna sumaku ya mviringo kama pete, na ile sumaku haiji na filta mpya, unatakiwa uitoe kwenye ya zamani uifute uihamishie kwenye mpya. Fundi wake aliitupa jalalani pamoja na filta. Wakakesha wanaitafuta kwenye pipa la taka. Kama una hiyo gari nenda kasimame hapohapo.

Tuendelee. Kufunga kunaonekana kitu kidogo lakini ndo mahali pa kuharibu. Oringi zote mpya, zikapakwa oili mpya ya giaboksi, sio grisi. Filta inavikwa, kifuniko kinasukumwa kwa mkono mpaka kikae chenyewe. Usitumie boliti kukivuta kifuniko kiingie, maana oringi inaweza ikawa imejikunja, boliti inaivuta na kuikata huku wewe unasikia inakaza vizuri. Kijana wake alishaishika mashine ya upepo.

"Hiyo rudisha."

"Dada, ni boliti 12..."

"Rudisha."

Akazishika zote kwa vidole, akapita kwa rachi ndogo kwa kuvuka upande huu na ule, akamalizia na tokirenchi. Za vifuniko ni niutoni mita 51 mpaka 61, plagi ya kumwagia oili ni 25 mpaka 32 tu. Ile plagi watu wanaikaza kama nati ya tairi, wanaua uzi wa aluminiamu, halafu unaona gari linavuja watu wanafunga plasta.

Filta nilizonunua ni seti nzima, filta mbili, gasketi, oringi, mpaka oringi ya plagi. Nazipa alama za juu. Karatasi imebana, mikunjo iko sawa, vifuniko vilikaa bila kubembelezwa. Kama unanunua filta mbili tupu bila seti ya gasketi umenunua kuvuja. Feki nazo zipo, dada akanionesha moja aliyoitoa kwenye gari la mtu, gundi ya kichwa imeachia, karatasi imejitenga na kifuniko chake, yaani oili ilikua inapita pembeni bila kuchujwa hata kidogo. Kwa macho ya nje ni nzuri kuliko ya kwangu.

Oili aliyonishauri ni sintetiki iliyoandikwa TES 668, hicho ni kiwango cha oili cha Allison wenyewe. Ya zamani ilikua TES 295, hii mpya imeichukua nafasi yake na inakubali kwenye giaboksi zilizokua zinatumia ile. Kampuni inayoitengeneza mi haijalishi, ninachotaka ni hayo maandishi yawe kwenye dumu na yawe ni ya idhini kweli, sio "inafaa kwa" au "inakaribiana na". Hapo wajanja wanacheza na maneno.

Hakumimina 18 zote. Alianza na 15, tena baada ya kuifuta shingo ya dipstiki kabla ya kuichomoa ili mchanga usidondokee ndani. Akawasha, mguu kwenye breki, akapitisha D, R, N, akasubiri kidogo kila sehemu ili oili iingie kwenye njia zote, akaongeza taratibu mpaka dipstiki ikasoma kwenye alama ya baridi. Ya baridi, wakuu. Halafu akanipa gari nikazunguke tena, nikarudi likiwa la moto, tukaegesha tambarare, vishale viwili, nane, saba, sita... o, L, o, K. Akafuta mikono.

Sasa ile tofauti ya 27 na 18. Lita 9 hazitoki hata ukae na dumu mpaka kesho, zimebaki kwenye konveta, kwenye kipoozeo na kwenye mabomba. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimebadilisha oili yote" kwa kufungua plagi tu, theluthi moja ya oili yako ni ileile ya zamani. Kwangu ilikua mbaya zaidi kwa sababu ile iliyobaki ilikua ATF ya kawaida, sasa nina mchanganyiko, na mchanganyiko huwezi kuuendesha kwa muda mrefu kama sintetiki tupu. Dada akanipigia hesabu palepale ukutani: ukimwaga lita 18 mara ya pili unafika karibu asilimia 89 ya oili mpya, mara ya tatu 96. Akanishauri nirudi mapema kwa kumwaga kwa pili na niache filta kwanza. Nilihisi ananiuzia oili, lakini hesabu niliirudia nyumbani na iko sawa.

Matokeo. Siku ya kwanza niliogopa, gia zilikua zinaingia kwa mguno kidogo, sio kushtua ila sio laini. Ile kompyuta ya gia inajifunza jinsi pleti zinavyobana, ilikua imezoea povu, sasa imepewa oili kamili ikawa inabana kwa nguvu ya zamani. Siku chache ikajirekebisha. Kutoka kwanza kwenda pili siku hizi nasikia mlio wa injini tu ukibadilika. Joto kwenye mlima limeshuka na limetulia. Kwenye briza pakavu. Na wale wanaosema ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa, nimewasikia sana, mtazamo wangu ni kwamba inayokufa baada ya kubadilishiwa ilikua inakufa tayari, mwenye gari alikwenda kwa fundi kwa sababu ilishaanza kuteleza, halafu oili mpya ikabebeshwa msalaba. Pleti iliyokwisha hairudishwi na oili.

Malalamiko ninayo pia, asije mtu akasema nimelipwa. Waliniambia ni kazi ya masaa mawili, nikaondoka jua linazama. Hakuna pa kukaa, unakaa kwenye tairi. Na kubwa kuliko yote, walisahau kuzirudisha hesabu za kioo mwanzo. Kesho yake nimeweka D, ile spana ikawaka na kuzima kama hakuna kilichofanyika, moyo ukaniruka, nikageuza gari na mzigo wake mpaka kwake. Akacheka akaomba msamaha. Unabonyeza vile vishale mpaka ufike kwenye ukurasa wa filta, unashikilia kitufe cha MODE kama sekunde 10, halafu unafanya hivyohivyo kwenye ukurasa wa oili ili ianze upya kwenye 99. Dakika moja. Angenionesha jana yake nisingeunguza dizeli ya kurudi. Nakata nyota moja kwa hilo na nusu kwa kuchelewa, zilizobaki ni zake.

Filta za zamani alinipa kwenye mfuko bila kuomba. Nikawa nazo kwenye kibini wiki nzima, sijui nazifanyia nini, mpaka siku nilipita njia ya ile gereji ya kwanza nikaegesha. Fundi mkuu akanikumbuka, akaja na tabasamu, nikaziweka juu ya meza yake, ile nzima na ile iliyochanwa.

"Bosi, hizi filta za wapi?"

Nikamwambia za ndani, zile za siku ya ovahol.